Kipimo cha Mtu Aliyelala

Tik.

Ni kidonge hicho, kinatoka kwenye karatasi yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, Kipawa yote giza, na mie nimekaa ukingoni mwa kitanda nasikiliza. Baada ya tik huja mlio wa kikombe cha maji kikirudishwa kwenye stuli, halafu kitanda kinalia mara moja, mume wangu anapojigeuza kuelekea ukutani. Halafu basi. Gaspar akishameza kidonge chake hachukui muda, na akishalala haamki hata ndege ipite juu ya paa letu na kutikisa vikombe kabatini.

Nikasubiri pumzi yake itulie. Nikatoa uzi wa katani, ule wa kushonea magunia, nikaanza kumpima mguu.

Nilianzia kwenye nyonga, nikapiga fundo. Kwenye goti nikapiga la pili. Kwenye kisigino la tatu. Ni mguu wa kushoto, huo wenye vyuma ndani. Nilikuwa nauvuta uzi taratibu, kama unavyomvua kiatu mtoto aliyesinzia. Binti yetu Jenipher alikuwa mkekani, ananitazama kwa mwanga wa simu yangu. Nyumba yetu siku hizo haikuwa na maswali.

Gaspar ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo pale uwanja wa ndege. Siku ya ajali alikuwa amesimama tu kwenye foleni, juu ya pikipiki yake, na lori la mchanga lililokuwa mbele yake likarudi nyuma. Pikipiki ilichubuka kidogo na kung'oka kikanyagio kimoja, kile cha kushoto anapoweka mguu. Mguu wenyewe ndio uliobaki chini ya lori. Daktari alisema atatembea, na kweli anatembea, kwa magongo, kutoka kitandani hadi chooni na kurudi. Goti linakunja kidogo halafu linagoma, kama mlango unaogonga kitanda. Kuanzia kifundo kushuka chini kuna ganzi. Nimewahi kummwagia chai ya moto pale kwa bahati mbaya, akanitazama tu ajue kwa nini nimeshtuka.

Kazini walimwambia akiwa tayari arudi. Hakusema atarudi, hakusema hatarudi. Mwanzoni wenzake walikuja na machungwa na maji ya chupa, wakakaa, wakaongea wenyewe, wakaondoka. Yeye alikuwa anaugua zaidi wakiwepo, basi nikamfundisha Jenipher akisikia hodi atoke mlangoni aseme, "Baba amelala." Akawa anaisema vizuri, kwa sauti ya chini, hata kabla mgeni hajamaliza hodi yake. Wageni wakapungua. Wakaisha.

Na mie pia kuna kitu kilikuwa kimelala. Nilikuwa napika, nafua, namwogesha mtoto, nikiulizwa nasema tunaendelea vizuri. Sikuwa nalia. Nilikuwaga mtu wa kulia hata kwenye harusi za watu nisiowajua.

Pikipiki ilikaa uani chini ya pazia kuukuu. Si pikipiki ya bodaboda ile. Ni ya Kijapani, iliyotumika, ina tangi kubwa na kiti kimeshuka chini kama kochi, wenyewe wanaziita kruza. Kabla ya Jenipher, nilipokuwa nasoma masomo ya jioni Mwananyamala, Gaspar alikuwa ananisubiri nje ya darasa, amekaa juu yake, miguu ameikita chini, anakula karanga. Sikuwahi kutoka nikamkosa. Wenzangu waliniambia kwa utani kwamba mie siolewi na mtu, naolewa na pikipiki.

Sasa, siku chache kabla ya huo uzi, nilimsikia anaongea na simu. Alikuwa anamwambia mdogo wake Fredrick, mwalimu wa huko Chalinze, aje Jumapili aichukue pikipiki iwe yake, huku inakaa bure. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema wiki ile. Aliisema kama unavyomwambia mtu achukue kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Fredrick ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini nilisimama pale na beseni la nguo nikajua jambo moja tu: pikipiki ikitoka pale uani, hakuna kitu kingine katika dunia hii kitakachomtoa Gaspar kitandani. Mie nimejaribu, mtoto amejaribu. Na nilijua goti halikunji, na vikanyagio vya ile pikipiki viko pale chini ya kiti ambapo lazima goti likunje. Kwa hiyo vikanyagio visogezwe mbele, mguu unyooke. Nimeshawaona watu wa makruza barabara ya Pugu wamenyoosha miguu mbele kama wako barazani nyumbani. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Nilitaka tu kujua visogezwe kiasi gani, na sikutaka kumuuliza, kwa sababu nikimuuliza angesema acha.

Ndiyo maana nikampima akiwa amelala.

Nilikuwa naupitisha uzi mara ya pili kuhakikisha, mwanga wa tochi ukaingia mlangoni. Alikuwa Mwanakombo, jirani yetu wa mlango wa pili, amekuja kuomba kiberiti. Mwanakombo ni mtu wa Kilwa, na mwanamke akifa mtaani kwetu yeye ndiye anayeitwa kumwosha na kumkatia sanda. Alisimama. Tochi ikashuka kutoka usoni kwangu hadi kwenye uzi, ikatoka kwenye uzi hadi kwenye mguu, ikabaki hapo.

Alinishika mkono akanitoa hadi kibarazani.

"Mama Jeni," akasema, "mtu aliyelala hapimwi. Anayepimwa amelala ni mmoja tu, na huyo haamki."

Nikamweleza habari ya vikanyagio, kwa kunong'ona, haraka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huyo mume hana suruali. Si ningepima suruali? Nikamwambia suruali inakunjwa pindo, na isitoshe suruali haina vyuma gotini. Akaguna. Akasema sie watu wa bara tuna elimu ya kila kitu isipokuwa ya kuogopa.

Halafu akaninyang'anya uzi, akaniamuru nisimame wima. Akapiga goti pale kibarazani, mwanamke mzito yule, akanipima mguu wangu wa kushoto kwa uzi uleule, nyonga, goti, kisigino. Alisema kwa hivyo uzi unapita kwa mtu aliyesimama, anayetembea, na uchuro wa kile nilichokifanya kule ndani unakuwa umekatika njiani. Fundo la kisigino la Gaspar lilinizidi kwa upana wa kiganja.

"Kumbe mrefu hivi," akasema Mwanakombo. "Mie tangu nihamie hapa namwona kalala."

Akanirudishia uzi, akachukua kiberiti alichokuja kuomba, akaenda.

*

Duka la Mzee Saifuddin liko Buguruni, nyuma ya soko, limebanwa kati ya muuza magodoro na muuza mabomba. Maduka mengine pale ni ya vifaa vya bodaboda, la kwake ndilo lenye vitu vya pikipiki kubwa. Alikuwa nyuma ya meza ya kioo na kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, anakunywa chai kwenye kisahani. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza bwana yuko wapi, maana wanawake hawaji kununua vitu hivi peke yao.

"Amelala," nikasema, nikajisikia kama Jenipher.

Nikamwonyesha picha ya pikipiki kwenye simu, nikamwambia nataka vikanyagio vya kusogezwa mbele, mume wangu ana mguu mbovu. Aliitambua hata mwaka wake. Akaanza kushusha maboksi. Vya kwanza vilikuwa vinang'aa kama sufuria mpya na vimechorwa ndimi za moto. Alisema hivyo vijana wa Masaki wanavipenda sana, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Akaleta vingine vya chuma vyenye meno, vya watu wa kupanda milima, akanipa nivishike. Vilinikwaruza kiganja. Nilivipenda. Nilifikiri mguu wa Gaspar ukiwekwa pale hautatoka.

Mzee Saifuddin akaniuliza mguu wenyewe una nini hasa. Nikasema goti. Akauliza, na chini ya goti? Hiyo habari nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

"Ganzi," nikasema. "Hasikii. Hata ukimmwagia maji ya moto."

Aliweka kisahani chini. Alisema basi meno hayamsaidii, meno ni ya mtu anayesikia. Asiyesikia yatamla soli na baadaye nyama na yeye yuko njiani anapiga mluzi. Akaingia ndani kabisa, akarudi na vikanyagio vipana, kila kimoja kama kibao kidogo cha mbuzi ya nazi, vina mpira mzito juu na nyuma vina ukingo umeinuka wa kukaa kisigino. Mguu ukiwa pale hata usipojua uko wapi, ukingo unajua. Nikavichukua hivyo.

Ikabaki gia. Kwenye pikipiki ile gia iko upande wa kushoto, na unaipandisha kwa kuinyanyua na vidole kutoka chini. Vidole vya Gaspar havinyanyui kitu. Nilisimama pale sijui la kufanya, naangalia nje. Bodaboda mmoja alikuwa anajaribu kupenya katikati ya mikokoteni, amevaa ndala, na nikaona mguu wake: anakanyaga mbele kwa vidole, anakanyaga nyuma kwa kisigino, hanyanyui chochote. Gia ya bodaboda ina pande mbili. Nikamuuliza mzee kama ile haiwezi kufungwa kwenye kruza.

Alicheka mpaka akafuta macho. Alisema kufunga gia ya bodaboda kwenye kruza ni kuvaa suti na ndala.

"Ndala zinatembea, mzee," nikasema.

Akanitazama. Akamtuma mtu duka la jirani ailete.

Mwisho akaniuliza chuma cha kusogezea mbele kiwe cha urefu gani. Nikatoa uzi. Aliugusa fundo moja moja kama tasbihi, akauliza kama huyo bwana alikuwa amekaa au amesimama wakati anapimwa. Nikasema alikuwa amelala. Mzee akaurudisha uzi mezani upesi, hakuushika tena. Alisema yeye anauza vyuma, hapimi watu. Lakini akabadilisha kile chuma alichokuwa ameshaniwekea, akatoa kingine chenye matundu mengi yaliyopangana, kikanyagio kinaweza kufungwa tundu lolote.

"Chukua hiki, mwanangu. Ukikosea, unarudi nyuma."

*

Jumamosi nikamwita Fakihi, fundi wa pikipiki pale kona, rafiki yake Gaspar wa siku nyingi. Alikuja kwa kunyata. Jenipher alikuwa amemwambia baba amelala mara nyingi mno, mpaka naye akaacha kuja, na sasa akawa anaona haya kama yeye ndiye aliyekosea. Tulipoinua lile pazia, mjusi alitoka kwenye taa ya mbele akakimbia. Fakihi akaipapasa tangi, akasema, "Umekonda, mzee." Aliiambia pikipiki.

Akaanza kazi. Kufungua kilichobaki cha kikanyagio cha zamani kulimchukua muda mrefu, kilikuwa kimepinda ndani ya tundu lake. Akakata fimbo ya gia, akaunga nyingine ndefu, cheche zikaruka. Mashine yake ya kukatia inalia vibaya. Dirisha la chumba chetu lilikuwa wazi, hatua tano kutoka pale.

Niliingia na chai. Gaspar alikuwa ametazama ukuta.

"Kelele," akasema.

"Za fundi," nikasema.

Hakuuliza fundi gani. Nilisimama na kikombe nikisubiri aulize. Nilikuwa nimeandaa na uongo wake, habari ya bomba la jirani. Nikaweka chai kwenye stuli, karibu na karatasi ya vidonge, nikatoka.

Fakihi akafunga kila kitu kwa kipimo cha uzi wangu, kama nilivyomwambia, kutoka mgongoni mwa kiti hadi kwenye ukingo wa kisigino. Kilikuwa kinapendeza. Lakini tulipotazama tukaona tumefanya kazi kwa kuamini uzi tu. Hatukuwa na mguu wa kujaribia. Fakihi ni mfupi na goti lake linakunja. Akasema, shem, mwite mwenyewe. Nikasema subiri.

Nikaingia jikoni nikachukua mwiko, ule mrefu wa ugali wa msibani. Nikauweka nyuma ya goti langu la kushoto nikaufunga kwa khanga, kaza kabisa, mpaka goti likagoma. Ile tofauti ya kiganja nikaijazia ndala, ya kwangu na mbili za Jenipher, nikazifunga chini ya unyayo kwa ule uzi wenyewe. Kwa hiyo nikawa na mguu wa Gaspar. Kutembea nao kutoka jikoni hadi uani nikashika ukuta njia nzima, na nikawa najua jambo nisilolijua kwa muda wote ule, kwamba ukuta wetu una misumari mingi iliyotokeza.

Fakihi akaishika pikipiki, nikapanda kwa shida. Mwanakombo alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Akasimama na shuka mkononi.

"Mama Jeni, ndo unatoroka?" akauliza. "Chukua na kikaango basi, mwiko unao."

Fakihi akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Jenipher naye akacheka kwa kuwaona wakubwa wanacheka. Mie nilikuwa nanyoosha mguu, nanyoosha, na ukingo wa kile kikanyagio naugusa kwa ncha tu ya ndala. Nikijivuta mbele naufikia, lakini siwezi kukanyaga gia. Nikirudi nyuma siufikii kabisa. Mguu umenyooka wote, hauna pa kusukumia. Nikajaribu tena. Jasho likaanza kunitoka, khanga inanibana, na wale wanacheka, nami nikawaza kesho ni Jumapili.

"Hukai hivyo."

Gaspar alikuwa mlangoni, juu ya magongo yake. Amevaa bukta na fulana ya kulalia. Jua lilimpiga usoni akafumba jicho moja. Hakuna aliyecheka tena.

"Mtu hakai mbele hivyo," akasema. "Ukitia moto, pikipiki inakurudisha nyuma ya kiti. Umepima kama mtu kalala kitandani."

"Nilipima ukiwa umelala," nikasema.

"Najua. Nilikuwa macho."

Sikuelewa mara moja. Nikauliza macho lini. Akasema siku umeme ulipokatika. Kile kidonge alikitoa hakukimeza, kilidondoka akaona uvivu kukitafuta gizani. Alisikia uzi kwenye nyonga. Kwenye kisigino hakuusikia, lakini alihesabu mafundo kwa pumzi yangu. Alimsikia na Mwanakombo pale mlangoni, mtu wa sanda. Aliyasema haya yote bila kupandisha sauti, kama anasoma orodha ya mizigo kazini.

"Nikadhani mnaniandaa," akasema.

"Gaspar."

"Nikasema wacha wapime."

"Na hukusema kitu?"

Alifikiri kidogo, kweli alikuwa anatafuta jibu.

"Sikuona ubaya wake," akasema.

Mwanakombo alikuwa amejifunika mdomo kwa shuka bichi. Mie nilikuwa juu ya pikipiki na mwiko wangu, na macho makavu kabisa. Nilitaka kushuka nimwendee, mguu ukanikatalia, umefungwa. Nikabaki pale pale.

"Kumbe kilikuwa kipimo cha nini?" akauliza.

Nikagonga kikanyagio kwa ndala. "Cha hiki."

Akakitazama. Akautazama ule mpira mpana, ukingo wa nyuma, gia ya bodaboda. Akanitazama goti langu, khanga, mwiko, ndala za mtoto.

"Shuka, Koku," akasema.

Jina langu ni Kokushubila. Tangu lori lile alikuwa ananiita wewe.

Fakihi alinishusha. Gaspar akamkabidhi gongo moja, halafu la pili, akamshika bega. Alipopanda, springi za kiti zilishuka na zikatoa pumzi. Akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukakaa penyewe. Mguu wa kulia aliuweka bila kutazama. Wa kushoto aliunyanyua kwa mikono miwili, kama anaweka mzigo, akaulaza mbele. Kisigino kikapita hewani, hakikufika kwenye ukingo. Fakihi akafungua boliti akarudisha kikanyagio tundu moja. Bado. Akarudisha tundu la pili.

"Umekaa?" Gaspar akauliza.

"Umekaa," Fakihi akasema.

"Sisikii."

"Si uangalie."

Akainama akaangalia. Alisema itabidi awe anaangalia kila mara. Fakihi akasema bodaboda anaowajua yeye wana macho mawili na hawaangalii popote, kwa hiyo Gaspar atakuwa afadhali. Gaspar hakucheka. Akakandamiza kisigino. Kla. Akakandamiza mbele. Kla. Akarudia, kla, kla, anatazama mguu wake unavyofanya kazi kama wa mtu mwingine.

Halafu akaomba magongo yake akarudi ndani.

Ni hivyo tu. Usiku ule alikula nusu sahani, akageukia ukutani, nikasikia tik. Nikalala nikijua nimefanya nililoweza. Sikuwa na furaha wala huzuni. Nilikuwa naunyoosha mguu wangu chini ya shuka naukunja, naunyoosha naukunja, kwa sababu ninaweza.

*

Asubuhi nilipoamka kitanda kilikuwa kitupu upande wake.

Alikuwa uani. Amevaa suruali, ile yenye pindo, na kiatu cha kushoto amekifunga kamba vibaya maana hafikii. Alikuwa anafuta tangi kwa lile pazia. Nilitoka, nikachuchumaa, nikamfungia kamba. Hakunizuia.

Aliniambia niishike pikipiki akipanda. Nikaishika. Aliulaza mguu mbele kwa mikono miwili, akainama akaangalia, akaweka vizuri. Alipowasha, ikakohoa mara mbili halafu ikaitika, na Jenipher akatoka mbio akiwa na uji mdomoni, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Kwa muda mrefu Gaspar alikaa tu, injini inanguruma. Nilijua anaweza kuizima muda wowote. Nilitazama mkono wake kwenye ufunguo. Mkono ukaondoka pale ukaenda kwenye klachi.

"Nafika kona," akasema.

Kla. Akatoka taratibu sana, kuku wanampisha bila haraka. Alipofika kwenye mti wa mwarobaini aliinamisha kichwa kuangalia mguu, akainua kichwa, akakata kona. Mlio ukaenda. Nikasikia kla nyingine kwa mbali, ya kisigino. Magongo yalibaki yameegemea ukuta.

Kona si mbali. Mtu anafika na kurudi kabla uji haujapoa. Nilikaa kwenye ngazi karibu na Jenipher, namsikiliza baba yake. Ndege ikapita ikafunika kila kitu, ilipokwisha kupita nikatega sikio tena, na mlio haukuwepo. Nikaangalia uji wa mtoto. Ulikuwa umeganda juu. Nilitaka kukimbilia kona. Nikajizuia kwa kushika ngazi, kwa sababu mtu aliyesubiriwa nje ya darasa miaka ile yote anaweza naye kusubiri.

Fredrick akaingia kwa upande wa pili, kutoka stendi. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi begani na helmeti mpya kabisa mkononi, bado ina karatasi ya dukani. Tukasalimiana. Jenipher akampa shikamoo baba mdogo. Akatua ndizi, akaona magongo pale ukutani, na papo hapo akashusha sauti, kama wote wanavyoshusha wakifika kwetu. Akamwinamia mtoto, akamuuliza kwa kunong'ona kama baba amelala.

Jenipher akameza uji. Akatazama magongo, akatazama kule kwenye kona.

"Baba ametoka."